Kisiwa Kilichosindikiza Wageni

Ijumaa asubuhi, wachuuzi wa ufuo wa Dunga, Kisumu, wakiwa bado wanagombania samaki, Kamati ya Afya ya Visiwa ilishuka kutoka Milimani, mtaa wa wakubwa, na kofia za jua. Ilikuwa inakwenda kuzuru visiwa na kulala huko usiku mmoja, ili ijionee shida za wananchi. Boti yao ilikuwa nyeupe, yenye msalaba mwekundu ubavuni. Wafadhili wa ng'ambo waliitoa iwe ya kubebea wagonjwa, na kamati, kwa kuwa haipendi kitu kikae bure, iliipa kazi. Kwenye machela walipanga kreti za soda na bia, wakazifunga kwa ile mikanda ya kumzuia mgonjwa asianguke.

Walizuru kisiwa cha ndege, wakapiga picha za ndege. Walizuru kisiwa cha viboko, wakawapiga picha kwa mbali. Jioni wakafika Nyaduse, kisiwa chenye watu.

Watu wa Nyaduse waliwapokea inavyopasa. Kuku walichinjwa, Mwenyekiti Oduor akapewa firigisi, na darasa lisilovuja likafagiliwa na kutandikwa magodoro. Mama mmoja tu hakupika. Huyo alikuwa Perez, ambaye binti yake Rosa alikuwa ameshikwa na uchungu tangu Alhamisi na mtoto alikuwa amekingama tumboni. Mkunga alikuwa ameshanawa mikono na kusema huyu ni wa hospitali. Mtumbwi wa makasia usingemfikisha, maana mwaka ule wa 1996 gugu maji lilikuwa limeziba ziwa, na bila injini mtu angenaswa humo hadi kesho yake.

Perez aliwafuata wageni mezani.

"Bwana Chairman, mtoto yangu ako na shida ya kuzaa. Mtupeleke na hii boti."

"Pole, Mama. Hii boti iko na safari ya kamati. Mngojee ile ya wagonjwa, inakuja Jumatatu."

"Si ndio hii?"

"Ni hii," alisema Oduor kwa upole, "lakini saa hii iko kwa kazi ingine."

Wageni walilala vizuri. Asubuhi walikunywa chai, wakashukuru, wakapanda boti.

Sasa, huko mgeni aliyekula na kulala kwako humwachi mlangoni kama mwuza sufuria. Unamsindikiza mpaka mwenyewe aseme inatosha. Akisema, unageuka, kwa sababu kuendelea kumfuata ni kumwonyesha kwamba humwamini. Perez aliwatazama majirani akasema, "Basi tuwasindikize." Mitumbwi haikuwatosha watu wote wale, kwa hiyo kisiwa chenyewe kiling'oka.

Kiling'oka na mawe yake, kanisa, ng'ombe na moshi wa jikoni. Wenye nguo kwenye kamba walizianua, maana upepo uliongezeka. Rosa alilazwa kwenye mkeka pale kwenye ncha ya kisiwa, kichwa mapajani mwa mama yake, na kisiwa kikashika njia ya Kisumu sambamba na boti. Penye gugu maji kilitangulia kidogo na kulisukuma kando, boti ikapita bila kukwama.

Metrine, katibu wa kamati, alipiga picha mbili. Mwenyekiti alisema anafurahi kuona bado kuna watu wanaojua heshima.

Adhuhuri mabati ya Kisumu yalianza kumetameta. Rosa aliuliza kama wamefika. Perez alimwambia bado kidogo, ajikaze, hospitali ile pale. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, mama huyu alikuwa na matumaini.

Oduor naye aliiona Dunga ikikaribia, akaingiwa na wasiwasi. Msindikizaji akifika hadi kwako, ni lazima umkaribishe na umlishe. Aliwaza jiko lake la Milimani, akawaza kisiwa kizima kimekaa kwenye nyasi zake kikingoja chakula. Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Watu wa Nyaduse, mmetuheshimu sana. Inatosha sasa. Rudini salama."

Kisiwa kilisimama.

"Bwana Chairman, usiseme hivyo!" Perez alilia. "Sema tufike. Neno moja tu, Baba."

"Mama, nimeshasema asante."

Oketch, mwendesha boti, alizima injini. "Chairman, huyu dada tumbebe tu. Tuko hapa karibu."

"Atalala wapi? Machela iko na kreti."

Kreti zilikuwa tupu, lakini zilikuwa za kurudishwa dukani. Oketch aliwasha injini.

Ningekuwa mimi ndiye kisiwa kile, ningekosa adabu siku hiyo, nikapanda hadi barabarani. Lakini kisiwa kililelewa vizuri. Kiligeuka taratibu, watu wake wakipunga mikono, kikaanza kurudi. Walipokuwa usawa wa Kombewa, ambako pia kuna hospitali, wengine waliomba wapitie huko. Ila aliyeambiwa rudi hapitii kwa mtu. Rosa alikata roho hapo hapo, na mtoto akiwa tumboni.

Kamati ilisikitika kwa dhati. Baada ya mazishi ilipitisha ziara ya kutoa pole, ya kulala usiku mmoja.

Nyaduse iliwapokea. Kuku walichinjwa tena, na safari hii Perez alipika pamoja na wenzake, kwa kuwa hakuwa na mgonjwa. Baada ya chakula Mwenyekiti alisimama kutoa hotuba. Alisema marehemu alikuwa hazina ya taifa, kisha akatangaza kwamba, kwa kuwa sasa imethibitika kisiwa hiki kinaweza kutembea chenyewe, hakuna haja ya boti kuja tena Jumatatu. Hotuba ya mgeni hupigiwa makofi, nayo ikapigiwa.

Asubuhi wageni walipanda boti. Perez aliwapa mkono mmoja mmoja ufukweni, kisha akarudi kuosha vyombo. Boti ilipofika mbali kidogo Mwenyekiti aligeuka, akageuka tena. Kisiwa kilikuwa kimekaa pale pale.

"Watu wa siku hizi," alimwambia Metrine, "hata kusindikiza mgeni hawajui."