Mstari wa Akiba

Nafasi ya kazi ilikuwa moja, na waombaji waliobaki wawili: Bi Hesabu na Kipenzi, marafiki chanda na pete. Bi Hesabu ndiye aliyemfundisha mwenzake kuandika programu, tangu Kipenzi hajui hata kuzima kompyuta bila kuchomoa waya.

Mtihani walipewa mapema: programu itambue kama namba inasomeka vilevile mbele na nyuma, mfano 1221. Kazi ndogo, ila ina mtego. Programu huinyofoa namba tarakimu moja moja kutoka mkiani, ikiijenga upya kinyume. Ikimaliza, namba ya mwanzo imeliwa yote, imebaki sifuri. Usipoweka nakala pembeni, utalinganisha na nini?

"Mimi nakala yangu naiita akiba," Bi Hesabu alimwambia Kipenzi. "Akiba haiozi, mpenzi."

Siku moja kabla ya usaili, Kipenzi aliazima flashi ya Bi Hesabu yenye programu hiyo, eti akachapishe wasifu wake. Aliirudisha na busu juu.

Sasa, mbele ya wasaili, mkuu wa kitengo aliandika 1221. Kompyuta ikajibu: Hapana. Akaandika 77. Hapana.

"Dada, programu yako mbishi," alisema, na wenzake wakacheka.

Bi Hesabu aliinamia kioo. Mstari wa akiba haukuwapo. Aliuandika mwenyewe, akaujaribu mwenyewe, na flashi ile ilikuwa imepita mikono ya watu wawili tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo yenyewe alikuwa ameivua akaiazimisha.

"Naomba nirekebishe. Ni mstari mmoja tu."

"Ungerekebisha nyumbani. Tuitie mwenzako."

Nje, Kipenzi alimshika bega. "Vipi, mwenzangu, umewamaliza?" aliuliza kwa macho makavu, akaingia bila kungoja jibu. Mlango haukufungika vizuri.

"Kwanza naweka nakala pembeni," sauti yake ilisikika. "Naiita akiba. Si unajua, akiba haiozi."

Wasaili wakacheka tena, safari hii kwa kufurahi.

"Nani alikufundisha, binti?"

Bi Hesabu aliganda pale kwenye benchi, na jinsi moyo ulivyo mpumbavu, akasubiri asikie jina lake.

"Hakuna," alisema Kipenzi. "Nimejifunza mwenyewe."