Uchungu wa Bartholomeo

Siku ya mnada Ubaruku, saa tatu na nusu asubuhi, Bartholomeo alikuwa anamfungia mteja vijiko viwili vya unga wa mizizi kwenye kipande cha gazeti, uchungu ukamshika. Haukuwa uchungu wa kuharisha wala wa vidonda vya tumbo, maana dawa ya hayo yote anayo mezani. Ulikuwa uchungu wa kuzaa, ule unaoanzia kiunoni, ukazunguka mbele, ukakaza, ukakaa, kisha ukaachia. Aliweka kijiko chini, akashika ukingo wa meza, akapumua kwa mdomo.

Mteja wake, mama wa makamo, alimtazama tumbo. "Pole. Umekuanza lini?"

"Mnada uliopita."

"Basi bado huo. Tembeatembea." Akachukua dawa yake akaenda zake.

Spika iliyofungwa juu ya mwavuli iliendelea na sauti ya Bartholomeo mwenyewe, aliyoirekodi akiwa mzima: "Mama mjamzito, uchungu umechelewa? Maziwa hayatoki? Kizazi kizito? Njoo kwa Bartholomeo wa Ilula! Dawa ya asili, haina kemikali, haina madhara!"

Upande wa pili wa njia, kwenye banda la mama lishe Severina, Kulwa alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa akikoroga kisufuria. Ndani mlikuwa na maji kikombe kimoja, kijiko cha unga ule ule wa mizizi, na maziwa aliyoyakamua kifuani kwake alfajiri. Kisufuria kikitokota, Bartholomeo anashikwa. Kikiepuliwa, anaachiwa. Severina alijua, na wala hakuwa na neno, ila alimkumbusha Kulwa kwamba wali wa wateja unaingia jikoni saa sita na jiko ni hilo hilo moja.

Sasa tuseme Kulwa alifikaje hapo, maana hakuzaliwa na roho ya kutesa watu.

Kulwa ni mke wa Bujiku, ambaye baba yake aliteremsha ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka bonde la Usangu, akaishia kulima mpunga kama wenyeji. Mwezi wa pili mwaka huo Kulwa alishikwa uchungu wa mimba ya kwanza. Mama mkwe wake, Mama Bujiku, hakutaka mambo ya kukaa siku mbili na mkwe anayelia. Alimkorogea ile dawa kwenye uji, vijiko viwili, kama Bartholomeo alivyomwelekeza: vijiko viwili, akichelewa ongeza. Tumbo likakaza likawa jiwe, na halikulegea tena. Mama Bujiku akaongeza.

Ng'ombe waliporudi zizini mtoto alikuwa bado. Hapo bibi wawili wa jirani wakaitwa, wakafunga mlango, wakafanya linalofanywa. Mwanamke akificha mwanaume wa nje, mtoto hapiti. Hilo pale halina mjadala. Wakamwambia Kulwa ataje.

"Sina wa kumtaja, mayu, mama yangu," alisema Kulwa.

"Taja, mwanangu. Utaua."

Akasema hana. Wakampa kijiko kingine. Baada ya kukataa mara nne, akamtaja Anord, fundi wa pampu za maji, mtu aliyemwona mara mbili maishani, tena kwa mbali. Alimtaja yeye kwa sababu jina lake ni fupi, na Kulwa pumzi hakuwa nayo. Mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume, rangi ya bluu, kimya.

"Mmeona?" walisema bibi wale. "Kataja, kafunguka. Angetaja mapema, mtoto angekuwa mzima huyu."

Toka siku hiyo Bujiku alikula chakula cha Kulwa bila kumsemesha. Anord naye, ambaye hakujua hata kosa lake, alihamia Rujewa na spana zake. Kulwa alipokwenda kituo cha afya kwa ajili ya damu isiyokatika, Sista Tumpe alimuuliza alikunywa nini, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo iliyomuua. Inabana kizazi bila kukipumzisha, mtoto anakosa hewa. Siyo huyo fundi, wala siyo wewe." Kulwa akamwomba aandike. Sista akaandika. Bujiku aliisoma ile karatasi yote, akairudisha, akasema karatasi haikuwepo chumbani siku ile.

Maziwa ya Kulwa hayakukauka. Mtoto hayupo, maziwa yapo, yanalowanisha kanga mpaka watu wanageuza uso. Siku moja akaibandika motoni ile dawa iliyobakia, apate kuijua harufu yake vizuri, na alipoinama kuinusa, maziwa yakadondokea ndani. Nje, Bartholomeo alikuwa anapita na baiskeli. Akaanguka getini kwao, amekumbatia tumbo, anaita mama yake. Kulwa akaepua. Bartholomeo akainuka, akajipangusa vumbi. Kulwa akarudisha. Bartholomeo akakaa chini tena. Alifanya hivyo mara tano ili ahakikishe, na mara ya sita kwa sababu ilimpendeza.

Toka hapo hakuficha kitu. Alikwenda mezani kwake mchana kweupe, akamwambia, "Baba, anayekushika ni mimi. Simama mbele ya watu useme dawa yako ndiyo iliyomuua mwanangu, nitakuacha."

"Mama yangu, dawa ya asili haiui mtu," alisema Bartholomeo. "Nikupimie vijiko vingapi?"

"Viwili."

Akampimia. Kulwa akaenda kuvichemsha.

Na haraka alikuwa nayo. Kwenye boma lile lile, chini ya mama mkwe yule yule, alikuwepo Regina, mke wa Peter mdogo wake Bujiku. Ana miaka kumi na tisa, na mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Kulwa alitaka Bartholomeo aseme kabla Regina hajawekewa uji.

Kwa hiyo mnada ule hakuepua. Saa nne Bartholomeo alikuwa ameinamia meza. Saa tano alikuwa chini, juu ya turubai, amevua viatu, anauma mkanda wake wa suruali. Tuseme ukweli: Kulwa alikuwa na furaha. Kila Bartholomeo alipopiga kelele, yeye aliongeza kipande cha mkaa, na alikichagua kikubwa.

Wanawake wa mnadani wakaja. Mama Bujiku ndiye aliyetangulia, akakunja mikono ya gauni, akamshika Bartholomeo tumbo kwa vidole vya mtu anayejua kazi. "Njia imefunga," alisema. "Huyu anaficha."

"Sifichi kitu," alisema Bartholomeo.

"Wote wanaanza hivyo hivyo. Taja, baba."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Aliyekuwa akiwaambia watu "akichelewa ongeza" hakuchelewa yeye. Alimtaja mke wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Akamtaja Damari wa kwaya. Akataja wawili wa Igowole, ambao jina alilijua la mmoja tu. Wanawake walikuwa wanayarudia kwa sauti ili wa nyuma wasikie, na mwenye mashine, aliyekuwa akinunua vitunguu, aliweka vitunguu chini akaelekea nyumbani. Juu ya mwavuli spika ilikuwa inasema haina kemikali, haina madhara.

Kulwa akaacha jiko, akapenya, akapiga magoti karibu na sikio lake. "Hao hawanihusu. Itaje dawa."

Bartholomeo alimgeuzia macho yaliyojaa maji. Alijua anachoambiwa, na alijua kuwa ni kweli. Kulwa aliuona ukweli huo pale pale usoni mwake. "Nikiitaja dawa, dada, nile nini?" alimjibu polepole, kwa adabu kabisa. Kisha ukamkaza mwingine, akapiga ukelele, akamtaja Esnath, mke wa mjomba wake.

Bandani, saa sita ikawa imefika. Severina akaepua kisufuria, akabandika maji ya wali.

Bartholomeo akaacha kulia. Akakaa. Akatafuta viatu vyake.

"Alikuwa anamficha Esnath," alisema Mama Bujiku, akajipangusa mikono. Watu wote wakaona ni kweli, maana wameshuhudia kwa macho yao. Kulwa alisimama katikati yao akawaambia ni kisufuria, ni yeye, ni ile mizizi. Walimsikiliza. Hakuna aliyembishia. Mwanamke mmoja alimwambia, "Sawa, mizizi imemshika. Lakini kilichomfungua ni kutaja." Bujiku, aliyekuwa ameshika kamba ya ndama wa kuuza, alimtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, na lilikuwa jicho baya kuliko kutotazamwa.

Mnada uliofuata, mezani kwa Bartholomeo kulikuwa na foleni. Alikuwa ameongeza maneno kwenye spika: "Hata mwanaume inamshika! Waulize walioona!" Nyuma ya meza aliweka godoro, na ikitokea ameshikwa, wateja walimsubiri amalize. Wengine walimfutia jasho.

Kulwa alimfuata Regina jikoni, akafunga mlango. "Mdogo wangu, nakuomba. Ukishikwa, uniite mimi. Twende kwa Sista. Usinywe kitu cha mama."

Regina alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Dada, mimi nikichelewa wataniambia nitaje. Na mimi sina wa kumtaja, kama wewe. Bora ninywe kitu kikali nimalize haraka, wasipate nafasi ya kuniuliza."

"Kitakuua."

"Kwani hukuona kilivyo na nguvu?" alisema Regina. "Si ni wewe uliyetuonyesha?"

Kazi yote ile, maziwa yote yale, mkaa wote ule, kumbe Kulwa alikuwa anamtangazia biashara adui yake. Aliingia chumbani akalia kwa hasira, siyo kwa huzuni.

Regina alishikwa uchungu Jumapili, wengine wakiwa kanisani, akanywa. Alikunywa vijiko vitatu, kwa kuogopa viwili. Kulwa aliporudi alimkuta tumbo limekuwa jiwe, akaita bodaboda, akampakia katikati, dereva mbele, yeye nyuma amemkumbatia, Mama Bujiku akikimbia nyuma yao na kusema wangoje kwanza aulizwe. Kituoni Sista Tumpe alimgusa mara moja tu, akaita gari. Hospitali ya wilaya wakampasua. Mtoto wa kiume alitolewa mzima, amechoka, analia. Kizazi kilikuwa kimechanika, kikatolewa nacho. Regina hatazaa tena. Sista alimweleza Mama Bujiku hayo yote, hatua kwa hatua, na Mama Bujiku aliitikia kwa kichwa kila alipotua.

Boma zima lilimpokea mtoto kwa vigelegele. "Dawa ndiyo iliyoanza kazi," alieleza Mama Bujiku kwa wageni. "Hospitali wamemalizia tu." Peter alipeleka jogoo mezani kwa Bartholomeo kushukuru. Jambo la kizazi halikusemwa. Na kwa kuwa mtoto aliyezaliwa kwa taabu huitwa kwa jina la aliyemsaidia, wakamwita Bartholomeo.

Regina alikuwa amevuja damu nyingi mno, maziwa yake hayakushuka. Siku ya tatu mtoto alikuwa analia sauti ya paka. Sista Tumpe akamwita Kulwa pembeni, akampima damu, akaona yuko salama, akamwambia, "Wewe unayo. Atanyonya kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na hayatabaki. Nasema mapema ili usije ukanilaumu." Alikuwa anajua habari ya kisufuria, wilaya nzima ilikuwa inajua.

Kulwa alimtazama yule mtoto muda mrefu. Hakulipenda jina lake. Akafungua gauni, akampa ziwa.

Sista alisema kweli, hayakubaki. Mnada uliofuata Bartholomeo alifika mezani mapema, akasimama wima siku nzima, akauza kwa mikono miwili. Mnada wa pili alilikunja godoro akalipeleka nyumbani. Alinenepa kidogo. Kulwa alipita na mtoto mgongoni, Bartholomeo akamsalimia "kamwene" kama mtu wa kwao, na kumuuliza mwenye jina lake anaendeleaje.

Jioni yake Mama Bujiku alileta pakiti ya gazeti, akaiweka magotini pa Kulwa. "Ya kuongeza maziwa. Kaitoa bure, zawadi kwa wajina wake. Weka kwenye uji."

"Sista kasema kitu kama hiki kinapita mpaka kwenye maziwa, kinamfikia mtoto," alisema Kulwa.

"Sista kazaa wangapi?"

Mtoto alikuwa amelishika ziwa kwa mikono yote miwili, ananyonya huku amefumba macho. Kulwa alimwacha amalize upande mmoja, akamgeuzia wa pili. Kisha akaichukua ile pakiti, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akafunga tena ndani ya wa pili, akaipandisha juu kwenye kenchi za paa, mahali ambapo mvua haifiki.

Kesho yake alikwenda bandani kwa Severina kunywa chai. Akamuuliza mtoto wa kiume ananyonya muda gani kabla ya kumwachisha.

"Miaka miwili," alisema Severina. "Masista ndivyo wanavyosema."

Kulwa akapuliza chai. "Na mizizi mikavu, ukiihifadhi vizuri, inakaa miaka miwili?"

Severina akachochea mkaa. "Inakaa," alisema. "Tena inazidi ukali."