Neno Gumu la Mwalimu Nyangau

Mwaka 1949 Mwalimu Nyangau alitufundisha Kiingereza sisi watu wazima wa Magwagwa, na kwa jinsi alivyojisikia, ungedhani lugha yenyewe aliitunga yeye. Siku moja aliandika ubaoni neno “arch”.

“Ni mtu anayetania kwa upole,” akasema, “macho yakicheka, kwa sababu anajua jambo asilolitaja. Hilo nyinyi hamliwezi.”

Nilikereka. Kemuma akanyoosha mkono. Huyu mama alipika pombe ya wimbi, na kwake wanaume walizunguka chungu kimoja, kila mmoja akivuta kwa mrija wake mrefu. Mwalimu alikuwa Msabato, na pombe alitukataza kila wiki. Jumamosi iliyopita hakuonekana kanisani. Alisema ni homa.

“Pole kwa homa, Mwalimu,” Kemuma akasema taratibu. “Tulikuombea. Na kuna mrija umesahauliwa kwangu Jumamosi. Nimeuosha. Mwenyewe akipona, aje auchukue.”

Darasa zima likainamia madaftari, mabega yakitikisika.

Mwalimu alilifuta neno lile kwa kiganja, akasema halitakuja kwenye mtihani.