Sauti ya Anneth Huenda Kanisani

Kila Jumapili, ikifika saa tatu kasoro dakika kumi, Anneth wa Akheri huharakisha kusema yote aliyo nayo. Humwambia binti yake Nice apunguze moto kwenye maharage. Huwafukuza kuku waliopanda kwenye kichanja cha kahawa. Humwita jirani yake, Babu Eliamini, ng'ambo ya mfereji, kwamba chai iko tayari. Kisha kengele ya kanisa hulia kule juu, naye husikia kitu kikimtekenya kooni, kama mtu aliyemeza unyoya wa kuku. Hiyo ndiyo sauti yake inayotoka. Inakwenda ibadani.

Huenda kwa njia ile ile wanayopita watu wote. Hupita kati ya migomba, huvuka daraja la mbao, hupanda kilima pamoja na kina mama wenye vitenge vya Jumapili, na wenye adabu husogea pembeni ipite. Anneth hubaki nyumbani bila sauti mpaka saa tano na nusu. Akitaka kitu huashiria kwa mikono au hupiga mluzi. Sauti ikirudi, neno la kwanza linalomtoka huwa ni lile la mwisho lililoimbwa kanisani, na kwa kawaida ni "Amina".

"Amina," husema. "Nice, hayo maharage umeyatia chumvi?"

Babu Eliamini huzipenda sana Jumapili. Ana miaka sabini na sita, na hakuna siku nyingine ambayo mtu humsikiliza kwa saa mbili na nusu bila kumkatiza.

Jambo hili lilianza wakati Nice yuko tumboni. Anneth alikuwa na miaka kumi na tisa, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Kwaya ilifundishwa na Calvin, kijana aliyejua kinanda na aliyejua pia kusema na wasichana. Mimba ilipoanza kuonekana, baraza la wazee wa kanisa likamwita Anneth na kumuuliza ni ya nani. Akawaambia. Wakamwita Calvin. Calvin akasema haelewi dada huyu anazungumzia nini, ila anajua kwamba shetani akitaka kuvunja kanisa huanzia kwenye kwaya. Wazee wakatikisa vichwa. Karani akaandika kwenye kitabu: baba hajulikani. Calvin alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye meza ya karani.

Uamuzi ulikuwa kwamba Anneth ametengwa mpaka atakaposimama mbele ya usharika na kutubu makosa mawili. La kwanza ni mimba. La pili ni kumsingizia mwalimu wa kwaya.

"La kwanza nitatubu hata sasa hivi," Anneth alisema. "La pili sikulitenda."

Wazee walimweleza kwa upole kwamba makosa hayo yanakwenda pamoja. Anneth akawashukuru, akawaaga, akashuka nyumbani kwake. Jumapili iliyofuata hakwenda ibadani, wala hakwenda tena. Hakuwa na ugomvi na Mungu. Asubuhi akifungua mlango na kukuta kilele cha Meru kiko wazi, humsalimia kwa sauti, na mvua ikinyesha kahawa inapotoa maua, humshukuru. Ni kule kanisani tu ndiko kulikuwa na kosa moja la ziada linalomsubiri mlangoni, naye hakutaka kupita akiwa amelibeba.

Jumapili hiyo ya kwanza ndipo sauti ilipokwenda peke yake. Kwaya iliposimama, sauti ya pili ikatokea kwenye kiti cha Anneth, safi na nzito kidogo chini, mahali ambapo hakuna mtu. Calvin alishtuka? Hapana. Alitazama, akahesabu mapigo manne, akaendelea. Baada ya miezi kadhaa waliacha kitabu cha nyimbo kwenye kile kiti. Baadaye, kwaya iliposhona sare mpya za zambarau, ilishonwa na moja ya ziada, ikawa inapigwa pasi kila Jumamosi na kutandikwa juu ya kiti. Katika daftari la mahudhurio iliandikwa: Sauti ya Anneth, ipo. Kwaya ilishinda mashindano ya jimbo mara sita, na kila mara majaji waliisifia sauti ya pili. Calvin alipokea vikombe, akapanda, akawa mzee wa kanisa, kisha mwenyekiti wa baraza, bila kuiacha kwaya.

Kila mwaka kabla ya Pasaka, Mwinjilisti Philemoni, kijana mwenye suruali fupi na moyo mzuri, hupita nyumba kwa nyumba na daftari la walioacha ibada. Kuna safu ya jina na safu ya sababu. Kwa Babu Eliamini sababu ni kwamba, mwaka alipokuwa darasa la kipaimara, aliuliza simba walikula nini ndani ya safina, akapigwa kofi. Alisema atarudi siku atakapojibiwa, na hajajibiwa. Kwa Anneth sababu ni lile kosa la pili. Safu yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo Philemoni huwaandikia wote wawili "sababu binafsi", kisha hunywa chai.

Ndivyo walivyoishi miaka ishirini na miwili, na hawakuishi vibaya. Nice alikua, akasoma, akapata kazi ya mauzo kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Hapo akakutana na Brian wa Lemara, aliyekuja kununua bawaba mbili za mlango na kurudi siku nne mfululizo kununua bawaba nyingine. Mama yake Brian, Hedwiga, mama wa Kichaga mwenye duka la vitenge, alisema nyumba yake sasa ina bawaba nyingi kuliko milango, na kwamba ni afadhali kijana aoe.

Hedwiga alitaka ndoa ya kanisani. Mwenyewe ni Mkatoliki, lakini alisema binti aolewe kwao, kwa heshima ya mama yake. Barua ikapelekwa kwenye baraza la wazee. Majibu yaliletwa na Philemoni siku ambayo wakwe wote wako uani kwa Anneth, wanakula loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando. Alisimama kwenye nyasi, akasoma bila kuinua macho. Ndoa itafungwa. Ila mama wa bibi harusi, kwa kuwa ametengwa, hataweza kusimama madhabahuni kumtoa binti yake. Mzee mmoja wa kanisa atasimama kwa niaba ya wazazi. Sauti ya mama itaimba kama kawaida.

"Mzee gani?" Nice aliuliza.

Philemoni aligeuza karatasi, kana kwamba jina lingebadilika upande wa pili. "Mzee Calvin."

Nice alicheka mpaka akaweka bakuli chini. "Kumbe siku ya kumtoa mtoto, baba anajulikana!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Anneth alikuwa anatazama mikono yake, ambayo ilikuwa imebadilika rangi kwa kuchuma kahawa.

"Nice," alisema, "nitakwenda. Nitasimama mbele yao nitubu yote mawili. Dakika tano tu. Nataka nikutoe mwenyewe."

"Mama."

"Nimeshazeeka na hili jambo, mwanangu. Si zito tena."

"Mama, ukishatubu hilo la pili, mimi nitakuwa nimezaliwa na nani?"

Hedwiga ndiye aliyeweka kijiko mezani.

"Mkwe wangu, mimi sijakosa misa tangu nimejua kutembea, na sitaanza sasa," alisema. "Lakini mwanangu hawezi kupewa mke na mtu ambaye hata hamjui. Wataandikishana bomani siku ya Ijumaa. Sherehe tutaifanyia hapa hapa kwenye migomba, Jumapili, maana ndiyo siku nafunga duka. Nitasali misa ya kwanza, saa nne niko hapa. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, nakuja nayo mwenyewe."

"Jumapili saa nne mimi sina sauti," Anneth alimkumbusha.

"Basi utanipokea kwa mikono. Mikono yako naijua."

Ijumaa wakaandikishana. Anneth alisimama kando ya binti yake, na ofisa alipouliza mzazi ni nani, alijibu mwenyewe. Jumamosi watu wakafunga turubai kati ya migomba, wakapanga viti vya plastiki, wakachinja mbuzi watatu. Jumapili, ilipofika saa tatu kasoro dakika kumi, Anneth alikuwa ameshavaa kitenge cha kijani alicholetewa na Hedwiga. Alimshika Nice mabega, akamwambia kwa haraka yale ambayo mama humwambia binti anayeolewa, akaongeza kwamba asikubali kufuliwa nguo na mtu wala kumfulia mtu asiyeshukuru, kisha akafunga mdomo na kusubiri.

Kengele ililia. Koo halikutekenywa.

Ikalia mara ya pili. Babu Eliamini, aliyekuwa amepewa kazi ya kukaribisha wageni kwa niaba yake na ameandaa maneno ya kutosha mpaka jioni, alitazama saa yake.

"Imeshakwenda?" aliuliza.

"Bado," alisema Anneth, na watu wote uani wakamsikia.

Wakasubiri tena. Anneth alikohoa kidogo, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Hakuna kilichotoka. Aliipa nafasi mpaka saa tatu na robo. Halafu akasema, "Haya, kama haiendi, haiendi," akaenda kuonja nyama.

Kule juu kwaya ilisimama. Calvin aliinua mkono. Kwenye kiti cha sauti ya pili kulikuwa na sare ya zambarau iliyopigwa pasi, na hakuna zaidi. Waliuanza wimbo mara tatu. Mara ya tatu sauti ya kwanza ilipanda juu bila kitu cha kuegemea, ikayumba, na mama mmoja akaketi. Mchungaji akatangaza kwamba watasoma zaburi.

Hedwiga na watu wake walishuka barabarani saa nne kamili, kwa vigelegele, wakiwa na mapipa mawili ya mbege kwenye pikapu. Wakakuta mama mwenye nyumba getini. Alipaswa kuwapungia mikono. Badala yake alifungua kinywa kuwakaribisha, na karibu hiyo ikatoka ikiwa wimbo.

Hapo ndipo Anneth alipoisikia. Kwa miaka ishirini na miwili sauti yake ilikuwa ikiimba mahali ambapo masikio yake hayapo, na yeye mwenyewe nyumbani hakuimba, kwa kuogopa kuichosha. Hakujua kwamba imekua hivyo. Ilikuwa pana, imetulia, na ilijua nyimbo ambazo yeye hakuwahi kufundishwa: za Pasaka, za mavuno, na moja ya harusi yenye beti saba. Alikuwa anazisikia kwa mara ya kwanza zikitoka kinywani mwake, na kila ubeti ulipokwisha alisubiri kwa hamu kujua unaofuata unasemaje. Alianza kucheza. Nice akamshika mkono wa kushoto, Hedwiga wa kulia, na huyo mama wa Kichaga, ambaye hakuujua wimbo hata kidogo, aliitikia kwa nguvu mahali popote alipoona pana nafasi.

Ibada ilikwisha mapema. Watu walishuka kilima wakiifuata sauti, maana njia ya kwao wengi ilipita hapo. Nusu ya kwaya iliingia uani na sare zake, ikapanga mistari bila kuambiwa, na wimbo ukapata miguu yote minne. Philemoni alikula sahani mbili, akacheza na kina mama wa ukweni. Calvin alisimama darajani, kitabu cha nyimbo kwapani. Alisikiliza ubeti mmoja mzima, mkono wake wa kulia ukihesabu mapigo peke yake pembeni ya suruali. Nice alimwona. Alimpungia, kama anavyompungia mpita njia yeyote siku ya furaha. Calvin akageuka, akashika njia ndefu inayozunguka juu ya mfereji.

Watu waliondoka jua linazama, wengine wakiwa wamebeba migomba ya mapambo waliyodhani ni zawadi.

Jumatano baraza la wazee likakaa, mwenyekiti akiwa Calvin. Kulikuwa na hoja moja: kutohudhuria ibada bila ruhusa. Uamuzi ulikuwa kwamba Sauti imetengwa mpaka itakaposimama mbele ya usharika na kutubu. Barua iliandikwa kwa jina lake, ikapigwa muhuri, na Philemoni akaishusha hadi Akheri. Alimkuta Anneth anaosha sufuria za sherehe.

"Shikamoo, mama. Si yako hii," alisema kwa aibu. "Ni yake."

Anneth alikausha mikono, akaisoma kwa sauti ili Sauti yenyewe isikie.

"Na kwenye kitabu cha karani," aliuliza, "baba yake Nice wamemwandika?"

"Bado hajulikani, mama."

"Sawa. Ingia ndani, kuna nyama imebaki."

Jumapili iliyofuata kengele ililia saa tatu kamili. Kanisani kwaya iliimba kwa sauti tatu, na sare ya zambarau ilikuwa imeshakunjwa na kufungiwa kabatini. Anneth alikuwa shambani, anachuma kahawa mbivu upande wa jua. Alinyamaza kidogo kuipa nafasi, kwa heshima, kama ingependa kwenda kujitetea. Haikuondoka. Basi akaanza ule wimbo wa harusi tangu mwanzo, na alipofika ubeti wa saba akagundua kwamba upo na wa nane.