Wachimbaji wa Ukingoni

Jumanne asubuhi Phanice alipangusa majivu kwenye jeneza la mwanawe. Lilikuwa la udongo, refu kama mtu mzima, na moto haukulipasua. Alikuwa amefinyanga vyungu hapa Macalder miaka thelathini. Jeneza, alisema, ni chungu kilicholala.

Wazo lilikuwa la bintiye, Helen, wa kidato cha tatu. Katika maktaba ya shule alikuwa amesoma kwamba Wagiriki fulani wa kale walizikana katika majeneza ya udongo, ukingoni wamechora wapiganaji na farasi. Helen hakujua kuchora farasi. Alichora wachimbaji saba wa dhahabu na sururu zao.

Maiti haikuwepo. Valentine alikuwa bado chini ya shimo lililoporomoka mwezi wa tatu, na Mochama, mwenye shimo, alishikilia kwamba siku hiyo hakukuwa na mtu ndani. Mtu asipopatikana, Wajaluo huzika yago, tunda refu la mwegea, badala ya mwili. Phanice alikataa.

"Sikuzaa tunda," alisema.

Jumatano wale wachimbaji saba wa rangi walianza kazi, kwa nidhamu ambayo shule ya Helen ingeionea wivu. Kufikia chai ya saa nne walikuwa wameteremka ubavuni mwa jeneza, nyuma yao mtaro mwekundu. Ijumaa walimfikia Valentine, naye wa rangi. Alikuwa amekaa kando ya nguzo ya tatu, na ukutani alikuwa amekwaruza mstari kwa kila siku. Helen aliihesabu: tisa. Mochama alikuwa amefukia mdomo wa shimo siku ya pili.

Chifu Elkana aliitwa. Aliangalia, kisha akaangalia tena akiwa na soda, kwani kuangalia ni kazi nzito.

"Hii ni rangi, Mama Valentine."

"Ni rangi, chifu. Nguzo ya tatu unaiona?"

"Naiona."

"Basi leta watu wachimbe."

"Niandike nimeambiwa na chungu?"

Mochama naye alikuja, akavua kofia, akauliza kama Helen angeweza kumchorea geti.

Jumapili yago lililetwa. Phanice alililaza ndani ya jeneza mwenyewe, akalifunika kwa shuka la Valentine, wakazika.

Tangu hapo kaburi linagonga. Majirani wamezoea, ni wale saba, wanachimba kuelekea shimoni. Helen alipiga hesabu ya mwendo wao: miaka kumi na minne.

Jumatatu Mochama alifungua shimo jipya, akaajiri vijana ishirini. Phanice alichukua toroli, akaenda mtoni kuleta udongo.