Maneno Kumi ya Septemba

…sabuni, kiti, pamba, nyundo, halafu mawili ya mwisho, yalikuwa mawili, sasa hivi tu Jolene, mtabibu wa timu, kayasoma kwa ile sauti yake ya kuwasomea watoto, na mimi nimekaa juu ya meza yake ya matibabu na viatu vya hoki ya barafuni bado miguuni, visu vya chini yake vinaning'inia nisije nikamharibia sakafu, anza upya Kosti, mlango, siagi, farasi, kengele, sabuni, kiti, pamba, nyundo, ukungu, ndiyo, ukungu na asali, kumi, yote kumi ninayo, sasa yashike, maana atayauliza tena baada ya dakika tano na hapo ndipo nitajua kama kichwa changu bado kizima au ndio kimekwenda, naye anasema, "Sasa nitajie miezi kinyumenyume, anzia Desemba," anajua miezi ikiingia maneno yatatoka, ndiyo kazi ya mtihani wenyewe, Desemba, Novemba, mlango siagi farasi, Oktoba, Septemba… Septemba naijua kuliko miezi yote, ndio mwezi tunaopimwa wote tukiwa wazima, maneno kumi ya namna hiihii, ili mtu akigongwa kichwa katikati ya msimu apimwe tena walinganishe, na mwaka wangu wa kwanza, miaka ishirini na miwili, nimeshuka kutoka Saskatchewan, Kanada, na begi moja na meno yote mdomoni, Rudy Lachance, beki mwenzangu, alinivuta pembeni mlangoni pa chumba kama hiki, mji mwingine lakini vyote vinanuka dawa ya misuli na soksi mbichi, akaniambia, "Dogo, Septemba jifanye zuzu. Ukijifanya profesa, Januari ukigongwa wataona umepungua, watakuketisha, na ukiketishwa kesho kuna mwenzako anashuka kwenye basi na begi lake," na mimi nikaingia nikajifanya zuzu, nikakuna kichwa, nikapata matano, tukatoka nje tukacheka mpaka mbavu zikauma, na tangu hapo kila Septemba matano, misimu kumi na mmoja, miji saba, sikuwahi kupata sita wala manne, nilikuwa zuzu wa kuaminika.

"Kosti, umeishia Septemba," anasema Jolene, naye hana haraka, ana kalamu na karatasi na lile koti la timu linalompwaya, Agosti, Julai, Julai niko juu ya mapaa na shemeji yangu tunapigilia vigae, kiangazi chote hivyo, maana sisi wa ligi ya chini barafu haitulishi mwaka mzima, na Julai hii nilishuka ngazi kuchukua misumari nikasimama kwenye nyasi sijui nimeshukia nini, shemeji akaniita kutoka juu, nikamwambia nakunywa maji, nikanywa maji, Juni, Mei, kengele sabuni kiti, Aprili, Machi, Februari, Februari moja ya zamani waliniita ligi ya juu, siku kumi na moja, mabeki wao watatu waliumia kwa mpigo nikapanda ndege mara ya kwanza kwa ajili ya kazi hii, hotelini kila mtu na chumba chake, nikacheza mechi tatu, nikagonga kila kilichokuwa na miguu, halafu wale watatu wakapona, nikarudi kwenye basi, wenzangu wakaniamkia kama waziri, shikamoo mheshimiwa, Rudy akanifutia kiti kwa leso, Januari. "Januari," namwambia. "Vizuri," anasema, anaweka alama, fuata kalamu kwa macho, usigeuze kichwa, kalamu inakwenda kushoto, inakwenda kulia, na kwenye kona zinakuwa kalamu mbili lakini macho yanafuata, macho yangu ni watumwa wazuri, aliyenigonga simjui, wanasema ilikuwa nyuma ya goli nimeinama na gongo kuchukua kisahani tunachochezea, mimi sina kitu hapo, nina taa za darini tu na baridi ya barafu shavuni, na aliponiuliza tunacheza na nani nilijibu mara moja kwa sababu ratiba iko ukutani, nyuma ya sikio lake.

Nakataa kuigiza leo. Leo nataka kujua, nikipata yote kumi basi ni usahaulifu wa kawaida, Shawna akibandika vikaratasi kwenye friji, takataka Jumanne, mwanetu Maren atoke shule saa tisa, ni mke anayejua mumewe tu, mama yangu mwenyewe anasema nimezaliwa msahaulifu, nilikuwa naacha glavu shuleni kila wiki, labda ndivyo nilivyo, labda nilikuwa hivi tangu zamani, na nisipoyapata Jolene ataona, atasema kaa chini Kosti, imekwisha, na hautakuwa uamuzi wangu, nitamwambia Shawna wamenizuia, nitamwambia Kocha Grady muulize Jolene, nizuie Jolene, tafadhali, nakuomba kwa meno yaliyobaki, mimi siwezi kujizuia, sijui namna, hakuna aliyenifundisha hiyo… mlango, siagi, na yule mnyama, alikuwepo mnyama, na Rudy kila Jumapili ananipigia simu kutoka kwa dada yake, ananisimulia basi lilipotuharibikia nje ya Toledo tukalisukuma kwenye theluji na suti na tai, anacheka palepale anapochekaga, akimaliza ananiuliza, "Nilishakusimulia hii?" namwambia hapana, endelea, naye anaanza upya kwa furaha kabisa, ana miaka thelathini na tisa, na leo ni Jumapili, simu yangu iko kabatini labda inalia sasa hivi.

Mlango unafunguliwa, Kocha Grady, anatia kichwa tu, miwani imepanda ukungu, ukungu, lilikuwa neno hilo, lilikuwemo au nimelitoa kwenye miwani yake, anamwambia Jolene amebakiwa na mabeki wanne na mmoja wao ana kinena kibovu, hanitazami mimi, mtu hatazami kifaa kilichopelekwa kwa fundi, Jolene anamjibu kwamba amwache amalize, mlango unafungwa, na hapo ukuta mzima unatetemeka, kelele, king'ora, tumefunga, bao letu la kwanza, basi sasa wanavirusha vile vidubu vya manyoya, vya kuchezea, mara moja kwa mwaka likiingia bao la kwanza, ni siku yake leo, watu elfu nne walikuja na dubu kila mmoja kwa ajili ya watoto wa hospitali, wanavirusha vyote barafuni kwa pamoja, Maren yuko huko na wake mwenye utepe mwekundu, alifanya mazoezi ya kurusha sebuleni wiki nzima, kasema atamrusha mpaka kwenye miguu yangu, na mimi sipo, anautafuta mgongo wenye namba yangu na mgongo haupo.

"Haya," anasema Jolene, "yale maneno. Yoyote unayoyakumbuka." Nafumba macho. Naingia ndani kabisa, kwa nguvu zangu zote, kwa nguvu nilizogongea watu misimu kumi na mmoja. "Mlango," namwambia, "siagi. Kengele. Sabuni." Nangoja. Kuna nafasi hapo, naziona nafasi zenyewe, kama pengo la meno, ulimi unaliendea wenyewe, "Nyundo," nasema, na baada ya muda mrefu, jasho linanitoka, "asali." Basi. Natafuta, Mungu wangu nimetafuta kila kona, hakuna zaidi, mnyama amekimbia, na ukungu sikuuthubutu. Jolene anafunua karatasi ya chini, ile ya Septemba, anateremsha kalamu, anatabasamu, tabasamu la mtu aliyekuwa na wasiwasi nami kweli, anasema, "Sita. Septemba ulikuwa na matano. Umenitisha bure." Sita. Nimemshinda yule zuzu kwa neno moja, yule niliyemwigiza tukacheka mpaka mbavu zikauma, na leo nimetumia kila nilicho nacho kumpita kwa asali. Mwambie. Mwambie yale matano yalikuwa mchezo, atanisikiliza huyu, ana roho nzuri, atachana karatasi… halafu alinganishe na nini, yale ya mwaka juzi ni matano, ya mwaka wangu wa kwanza ni matano, matano mpaka mwanzo kabisa, labda nilikuwa mtu wa maneno kumi, labda wa tisa, labda kweli nilikuwa wa sita tangu glavu za shuleni na sijapoteza kitu, hakuna daktari, hakuna karatasi, hakuna mtu duniani aliyewahi kunipima nikiwa mzima, hata mimi mwenyewe sikuwahi kujipima, nilikuwa nakuna kichwa. "Mwenyewe unajionaje?" anauliza Jolene, kalamu iko juu ya mstari wa mwisho, nje bado wanazoa vidubu, anangoja, na mimi namtazama mdomo wake, sijui nimjibu kwa kipimo gani.