Doa Kando ya Jiko

Nimeoka mikate miaka thelathini na moja, lakini kuchemsha maharagwe kulinitoa kijasho. Cheka ukipenda. Tanuri la bekari halina maneno mengi: unaingiza, unangoja, unatoa. Maharagwe yana kiburi.

Aliyenitia jikoni ni binti yangu. Tangu tumzike mama yake alikuwa amekuja mara tatu, na kila alipokuja aliondoka na kitu. Kwanza nguo, halafu vyombo vya kioo, halafu picha. Kilichobaki ni cherehani. Akapiga simu: "Baba, Jumapili ya mwisho wa mwezi nitapita mara moja kuchukua cherehani ya mama." Mara moja! Alishakata, mimi bado nimeshika simu sikioni. Cherehani ikiondoka, atarudi hapa kufuata nini? Mimi? Mimi na yeye tumekuwa watu wa salamu tu tangu azaliwe. Nilikwenda kazini jioni, nikarudi alfajiri watoto wamelala, na wao walipoamka mimi nilikuwa nakoroma. Mama yake alifariki miezi miwili kabla sijastaafu, na nilipopata muda wa kukaa nyumbani nyumba ilikuwa tupu.

Basi nikapiga moyo konde: nitamkalisha mezani kwa maharagwe ya mama yake. Nani angeyakataa hayo?

Wiki tatu nilipika. Mara ya kwanza kokoto, mara ya pili uji. Ya tatu yakaiva vizuri, kitunguu, nyanya, chumvi, kila kitu mahali pake, lakini hayakuwa ya mke wangu. Kuna kitu kilikosekana. Nikajisemea: mume gani wewe, umelishwa miaka yote hiyo na hujui ulilishwa nini! Siku moja nikasinzia kitini, harufu ikanizindua. Sufuria imeshika chini. Nikatukana, nikaonja hivyo hivyo. Ala! Ndiyo yenyewe. Ule uchungu mdogo wa moshi, nyuma ya ulimi. Nililia, sikufichi, mwiko mkononi.

Jumamosi nikafanya usafi. Kando ya jiko, ukutani, pana doa la mafuta, kubwa kama kiganja, usawa wa kidevu changu. Lilinikera miaka mingi. Kila nilipotaka kupaka rangi mke wangu alisema, "Liache, linakusumbua nini?" Safari hii hakuwepo wa kunizuia. Nilisugua kwa brashi na sabuni mpaka mkono ukafa ganzi. Nusu likatoka, nusu likagoma.

Jumapili binti yangu akaja na mwanawe wa miaka sita, ambaye namwita Bosi kwa sababu huamrisha watu wote.

"Shikamoo, baba. Sikai sana."

"Marahaba, mama. Kaeni mle kwanza. Nimepika."

"Wewe?" Akacheka, akakaa shingo upande, mkoba bado begani.

Bosi alionja wa kwanza. "Babu, yameungua."

"Hayajaungua. Ya bibi yako yalikuwa hivi hivi."

Binti yangu akaonja, akaweka kijiko chini. "Yameungua kweli, baba. Mama hakuwahi kuunguza maharagwe."

Hasira zikanipanda. "Utanifundisha mke wangu? Nimeyala miaka thelathini na moja!"

"Na mimi nimeyala, hapa hapa mezani. Hayakuwa na moshi."

"Basi mama yako alikuwa na sufuria mbili!"

Nilisema kwa ubishi tu. Lakini yeye aligeuka kuangalia jiko.

"Yako alikuwa anayapasha alfajiri," akasema taratibu. "Nilikuwa namkuta nikiamka kwenda chooni. Alitega saa imwamshe saa kumi na nusu ili ukifika ukute cha moto. Anasinzia amesimama, kichwa ameegemeza pale." Akaonyesha kwa kidevu ukutani, penye doa. "Yakishika chini anazinduka, anayakoroga, anakupakulia. Nikamwambia, mama, si ale ya baridi tu? Akaniambia, baba yako anawalisha watu wote mkate wa moto, halafu yeye ale baridi?"

Siku yangu ya mapumziko nilipikiwa nyama, heshima ya baba mwenye nyumba, kwa hiyo maharagwe niliyajua ya alfajiri tu. Miaka yote hiyo wanangu walikuwa wanakula chakula kingine. Nilichokiita mkono wa mke wangu kilikuwa usingizi wake, na sikumwuliza hata siku moja kama amelala.

"Ya kwenu yalikuwaje?" nikauliza.

Alijaribu kueleza akashindwa. "Sijui, baba. Tulikuwa tunacheka sana. Kwenye kiti chako tulikuwa tunaweka mabegi ya shule."

Hakusema kwa ubaya. Iliniuma vile vile.

Kisha akavua mkoba begani, akasogeza sahani. "Niongeze."

"Si yameungua?"

"Najua. Niongeze, nile uliyokuwa unakula wewe."

Akala yote. Bosi alipewa mkate, akasema huo ndio ninaojua kuupika. Wakati wa kuondoka binti yangu aliitazama cherehani, akasema mgongo unamwuma, ataifuata Jumapili ijayo. Mgongo! Kicherehani chenyewe cha mkono, hata Bosi angekibeba. Nikaufunga mdomo wangu nisije nikaharibu.

Wakaenda. Nikaosha sahani tatu, nikazifuta, nikazirudisha kabatini, na bado jioni haikwisha.

Kesho yake saa kumi na nusu alfajiri macho yakafumbuka yenyewe. Nikaweka mabaki motoni, nikasimama pale alipokuwa akisimama. Ilinibidi nikunje magoti ndipo kichwa kifike. Ukuta ulikuwa baridi, unanukia sabuni. Nikapapasa kwa vidole nikitafuta mahali hasa palipokaa kichwa chake, lakini nusu ya doa nilikuwa nimeshaisugua, mimi mwenyewe, ili mgeni akute pasafi. Nikaegemea nusu iliyobaki, nikakaa hivyo mpaka maharagwe yakashika chini.